Bei Mbili Katika Rafu Moja

Hivi majuzi tulikuwa Nairobi kwa shughuli za kazi, na kabla ya safari ya kurudi nyumbani tuliingia katika duka moja kubwa la kujihudumia. Mahitaji yetu hayakuwa mengi: mafuta ya kupikia lita mbili, nyembe, na kopo la kiwi nyeusi ambalo mpwa wetu aliye jeshini alikuwa ametuagiza kwa ajili ya buti zake. Katika rafu ya mafuta tulikuta karatasi mbili zimebandikwa chini ya chupa ile ile. Ya kwanza, nyeupe na ndogo, ilisema shilingi 745. Ya pili, ya rangi kali na tarakimu kubwa, ilisema shilingi 679, na chini yake, kwa herufi ambazo mtu wa umri wetu huzisoma kwa kuinama, paliandikwa kwamba bei hiyo ni ya wanachama.

Tukamwuliza kijana wa duka, uanachama huo hupatikanaje? Akatujibu kwa adabu, "Ni bure, mzee. Unapakua programu kwenye simu, basi." Simu yetu ni ile ya vitufe, ipigayo na kupokea, na hatujaona haja ya nyingine. Lakini mwenzetu mmoja alikuwa na simu ya kisasa, akasimama kando kujaribu. Programu ikamtaka jina lake kamili, kisha nambari ya simu, kisha anwani ya barua za mtandao, kisha tarehe ya kuzaliwa. Alipomaliza hayo ikaomba ruhusa ya kujua mahali alipo. Mwenzetu akatazama chupa ya mafuta, akatazama simu, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye sabuni: mafuta haya yana haja gani na mwaka niliozaliwa?

Tulipofika kwa keshia bila uanachama, mama mmoja aliyesimama nyuma yetu alituonea huruma. Akataja nambari yake mwenyewe, keshia akaiandika, na bei zote zikashuka. Tulimshukuru sana. Ila tulipokuwa nje tuliangua kicheko, kwani kumbukumbu za duka lile sasa zinasema kwamba mama yule mwenye heshima zake hunyoa ndevu na hung'arisha buti.

Kicheko kilipokwisha tulianza kufikiri, na hayo tuliyoyafikiri ndiyo tunayotaka kuyaeleza leo kwa askari wa jeshi na wa polisi. Huenda mtu akasema kwamba bei za madukani ni habari za akina mama na wahasibu, askari ana mambo mengine ya kulinda. Sisi twaona kinyume. Askari ni mtu wa mshahara, hununua kila mwisho wa mwezi kama wengine, na punguzo la shilingi 66 si kitu cha kudharauliwa na mwenye watoto watano. Lakini askari ana jambo moja ambalo mwuza duka, mwalimu au fundi hana: mahali alipo, saa atokapo, na idadi ya wenzake si mali yake peke yake. Akivitoa ili apunguziwe bei ya mafuta, ametoa na vya wenzake ambao hawakuulizwa.

Tusidhani kwamba mwuza duka kumjua mteja ni jambo geni. Hapa Buyenzi na Bwiza, mwenye kiduka cha pembeni anakujua wewe, mkeo, na siku mshahara unapoingia. Ana daftari. Ndani ya daftari hilo mna jina lako, kilo mbili za mchele, nusu kilo ya sukari, na deni la tangu wiki iliyopita. Askari wangapi wamepita mwezi mgumu kwa ajili ya daftari la namna hiyo! Na ukimaliza deni, mwenye duka hukupa nyongeza, ile ambayo jirani zetu wa ng'ambo ya Ruzizi huiita matabishi: kitunguu kimoja, au kipimo cha karanga kwa mtoto. Hiyo ndiyo kadi ya uaminifu ya wazee wetu, nayo haijamwudhi mtu.

Lakini daftari lile lina tabia zake. Liko chini ya meza, na ukitaka waweza kuomba kuuona ukurasa wako na kubishana juu yake. Haliendi Ulaya wala Uarabuni. Halikufuati ukiondoka dukani. Na juu ya yote, jirani yako asiye na ukurasa katika daftari hilo hununua sukari kwa bei ile ile unayonunua wewe. Mambo haya manne ndiyo yaliyobadilika, na hili la mwisho ndilo lililobadilika karibu zaidi.

Duka la Tesco la Uingereza lilianzisha kadi yake iitwayo Clubcard mnamo Februari 1995. Mteja alinunua, akapata pointi, na baada ya muda akarudishiwa sehemu ndogo ya fedha zake kama hati ya kununulia vitu. Wenye duka nao walipata kujua, kwa mara ya kwanza kwa ukubwa huo, nani hununua nini na lini. Mbinu ikaenea duniani, ikafika na Afrika ya Mashariki: Nakumatt ilikuwa na kadi yake, Uchumi yake, Naivas yake. Hata hapo mteja asiye na kadi hakuadhibiwa. Alikosa shukrani tu. Mwaka 2019 Tesco ikaanza kuweka rafuni bei ya wenye kadi na bei ya wasio nayo, na maduka mengine yakafuata. Tangu hapo kadi si shukrani tena. Kukosa kadi ndiko kumekuwa faini.

Tuseme kweli, maana wasomaji wetu wamezoea kuchunguza ushahidi wa pande zote. Wateja wengi wa Uingereza walishuku kwamba bei ya kawaida hupandishwa kwa makusudi ili bei ya wanachama ionekane nafuu. Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya nchi hiyo ikachunguza bidhaa zipatazo 50,000 na kutoa matokeo mwezi Novemba 2024. Ikaona kwamba katika bidhaa 92 kwa kila mia punguzo lilikuwa la kweli, na kwamba kwa wastani mwanachama aliokoa kati ya asilimia 17 na 25. Kwa hiyo asiye na kadi asiseme kwamba anadanganywa. Mamlaka hiyo hiyo, hata hivyo, iliwakumbusha wanunuzi kwamba bei ya wanachama si lazima iwe ndogo kuliko ya duka jingine, na ikayataka maduka yawafikirie wazee na wasio na simu za kisasa.

Basi punguzo ni la kweli. Kwetu sisi hilo ndilo linaloongeza uzito wa jambo, kwani mfanyabiashara hapunguzi robo ya bei kwa mapenzi. Akiwa tayari kuacha asilimia 20 ya fedha ili apate jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa na mahali ulipo, ni wazi kwamba vitu hivyo vina thamani kwake. Thamani hiyo yeye anaijua. Wewe hujui. Katika soko la Ruvumera hakuna mchuuzi atakayekubali kuuza gunia la maharage ambalo mnunuzi amelipima kwa siri na kukataa kutaja uzito wake. Lakini ndivyo tunavyouza sisi tukibonyeza "nakubali".

Hapa wenyeji wa Bujumbura watatukumbusha Igitoro Pass, programu ya simu ambayo wenye magari walianza kuitumia mwaka 2025 katika kugawiwa mafuta ya petroli. Je, hiyo nayo tunailaumu? Hasha. Kitu kikiwa haba, mgawaji hana budi kujua nani amekwisha pata na nani bado, ama sivyo mwenye nguvu atajaza pipa na mnyonge atarudi na dumu tupu. Orodha ya mgao ina sababu inayoeleweka na mtoto mdogo. Lakini duka ambalo rafu zake zimejaa mafuta ya kupikia halimgawii mtu zamu. Halina sababu ya kumwuliza mtu jina ila moja, nayo ni kwamba jina linauzika.

Na jina lenyewe si jina tu. Tuichukue nambari ya simu, ambayo hata hapa mjini tumewahi kuombwa na duka moja kabla ya kupewa risiti. Wengi huitaja bila kufikiri, kama mtu atajaye saa. Lakini nambari hiyo imeandikishwa kwa kitambulisho, karangamuntu yako. Kwa nambari hiyo hiyo unatumiwa fedha za Lumicash au EcoCash, na kwa nambari hiyo wenzako wamekuingiza katika kikundi cha ujumbe cha kikosi chenu. Mwizi akiiokota nambari pekee hapati kitu kikubwa. Akiiokota pamoja na jina, tarehe ya kuzaliwa, mtaa unaoishi na orodha ya vitu unavyonunua, amepata funguo za nyumba pamoja na habari za saa ambazo mwenye nyumba hayupo.

Tuje sasa kwenye mfano ambao afande yeyote aliyewahi kusimamia chakula cha kambi atauelewa bila kuelezwa mara mbili. Tuseme askari mmoja amepewa kazi ya kununua mahitaji ya mesi. Kila Jumatatu huenda dukani akanunua mchele, maharage, chumvi, mafuta na sabuni kwa fedha za kikosi. Duka lina kadi ya pointi. Kijana huyu, wala si mwizi, anafikiri: fedha si zangu, lakini pointi hazina mwenyewe, mbona nisizichukue? Anatoa kadi yake. Baada ya miezi mitatu amepata pasi ya umeme ya bure na amempelekea mkewe, nyumba nzima imefurahi.

Jambo la kwanza, pointi zile zilikuwa za kikosi, na hesabu ya kikosi ilipaswa kuzionyesha. Hilo ni dogo, twaliacha kwa wahasibu. Jambo la pili ni kubwa. Mahali fulani, katika kumbukumbu ambazo hazimo mikononi mwa jeshi, sasa pameandikwa kila Jumatatu kiasi cha chakula cha kambi ile. Wazee wa upelelezi walihesabu majeshi ya adui kwa kuhesabu mikate na moto wa mapishi; walilazimika kujificha vichakani usiku kucha ili wapate hesabu hiyo. Leo mtu akiiona orodha ya duka atajua kambi ina watu wangapi, Jumatatu ipi idadi iliongezeka, na wiki ipi ilipungua ghafla kwa sababu kundi moja lilikwenda kazini. Atajua hata ugonjwa umeingia lini, kwa dawa zilizonunuliwa. Na kijana wetu hakuvunja amri yoyote aliyowahi kusomewa.

Msomaji asidhani tunatunga vitisho. Mwishoni mwa mwaka 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kuhesabu mwendo wa wakimbiaji na waendesha baiskeli, ilitoa ramani ya dunia iliyong'ara mahali ambapo watumiaji wake walikimbia. Hakukuwa na jina la mtu hata mmoja. Mwezi Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia aliitazama ramani hiyo akaona kwamba katika majangwa ya Syria na Afghanistan, ambako wenyeji wachache mno hukimbia kwa mazoezi na saa ya kompyuta mkononi, palikuwa na mistari iliyong'ara kwa umbo la duara na pembe nne. Ilikuwa ni njia za askari wa kigeni wakifanya mazoezi kuzunguka kambi zao. Mwezi Agosti wa mwaka huo huo wizara ya ulinzi ya Marekani ilipiga marufuku matumizi ya vifaa na programu za kuonyesha mahali katika maeneo ya operesheni. Fikirini: jeshi lenye setilaiti angani lilifichuliwa na askari wake wenyewe waliotaka kujua wamekimbia kilomita ngapi.

Katika mwaka huo huo waandishi wa Uholanzi, wakishirikiana na kikundi cha wachunguzi kiitwacho Bellingcat, walionyesha kwamba programu ya kampuni ya Polar iliwawezesha kuwatambua watu zaidi ya 6,000 waliofanya mazoezi katika kambi za jeshi na vituo vya usalama vya nchi nyingi, pamoja na nyumba zao. Njia ilikuwa nyepesi: mtu alianza kukimbia kambini Jumatano, na Jumapili akaanza kukimbia mlangoni kwake. Nyumba, ndugu zetu. Ndani ya nyumba mna mke na watoto, na hao hawana silaha.

Mtu atasema, hayo ni ya programu za mazoezi, hayahusu maduka. Lakini ruhusa ya kujua mahali ulipo ni ile ile, awe anayeiomba ni mwuza viatu, mtabiri wa mvua au mwuza mafuta ya kupikia, na taarifa ikitoka katika simu haiwi tena na kabila la programu iliyoitoa. Huingia katika soko la madalali. Mwezi Novemba 2020 waandishi wa Motherboard wa Marekani walifichua kwamba Muslim Pro, programu inayotumiwa na mamilioni ya Waislamu kujua nyakati za sala na upande wa kibla, ilikuwa ikipeleka habari za mahali walipo watumiaji kwa kampuni iitwayo X-Mode, ambayo nayo iliuza taarifa za namna hiyo kwa wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilitangaza kukata uhusiano huo, na Januari 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitoa amri ya kuizuia kampuni mrithi wa X-Mode kuuza habari za mahali penye unyeti. Mtu alifungua simu ili aelekee Makka, na habari zake zikaelekea kwingine kabisa. Kama kibla chaweza kuuzwa hivyo, orodha ya sabuni itasalimika kwa nini?

Vijana wetu waliohudumu Somalia, kuanzia Desemba 2007 hadi ujumbe wa ATMIS ulipomalizika mwishoni mwa mwaka 2024, wanajua kuliko sisi thamani ya kutojulikana. Walifundishwa kutopita barabara ile ile saa ile ile. Wengi wao walirudi na simu nzuri walizonunua safarini, na hatuwalaumu, wamezitolea jasho. Tunauliza tu kama kuna aliyewafundisha kuitazama simu hiyo kama walivyofundishwa kuitazama barabara.

Afande wa polisi wa upelelezi huenda akatupinga hapa, na ana haki. Atasema kwamba risiti na kumbukumbu za maduka zimewahi kumfikisha mwizi kizimbani, na kwamba duka lisilojua lolote juu ya wateja wake haliwezi kuisaidia polisi. Tunakubali. Lakini polisi anapohitaji kumbukumbu huja na hati, hutaja kesi, na mwisho wake husimama mbele ya hakimu kueleza alizipataje. Dalali wa taarifa hasimami mbele ya mtu. Tena polisi mwenyewe ana nyumba, na yule aliyemfunga miaka mitatu iliyopita atatoka siku moja, akiwa na fedha kidogo za kununulia orodha. Afande akiipima faida ya orodha hizo katika kazi yake, asisahau kuweka na hili katika mizani.

Kuna na swali la duka lenyewe kudumu. Nakumatt ilikuwa fahari ya Afrika ya Mashariki, ikiwa na matawi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwezi Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na mwezi Januari 2020 wadai wake walipiga kura ya kuifunga kabisa. Pointi walizokusanya wateja kwa miaka hazikuweza tena kununua hata kiberiti. Ndiyo kawaida ya pointi, hufa pamoja na duka. Majina hayafi. Duka la RadioShack la Marekani lilipofilisika mwaka 2015, kumbukumbu za mamilioni ya wateja zilitiwa katika mnada pamoja na jina la duka, kana kwamba ni meza na viti. Wanasheria wakuu wa majimbo, Texas ikiwa mbele, walipinga, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo ikakubaliwa iharibiwe. Wateja wale walikuwa wameahidiwa na duka kwamba habari zao hazitauzwa. Na duka lililo hai nalo huibiwa: Aprili 2023 Naivas ya Kenya ilitangaza kwamba mifumo yake imeshambuliwa na wahalifu wa mitandao, wale wanaofunga mafaili na kudai kikomboleo. Hatusemi kwamba Naivas ilikuwa zembe kuliko wengine. Twasema kwamba ghala likijazwa mali, wezi hulijua.

Majirani zetu wameanza kuweka sheria. Kenya na Uganda zilitunga za kulinda taarifa za mtu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022, na Kongo ilitoa kanuni yake ya mambo ya kidijitali mwaka 2023. Kwa sheria hizo anayekusanya taarifa hutakiwa kusema anazitakia nini, na mwenye taarifa ana haki ya kuuliza. Huko Kenya si maneno matupu: mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, na baa moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kutangaza picha ya mteja wake. Sisi tunayo sheria ya Machi 2022 dhidi ya uhalifu wa mitandao. Hiyo humtazama mwizi anayevunja mlango. Ni vizuri. Lakini mwuza duka aliyeuacha mlango wazi, au aliyeuza ufunguo, naye ana lake la kujibu, na sheria za majirani ndizo humwuliza.

Tukirudi kwenye rafu tuliyoanza nayo, hatutaki maduka yakatazwe kutoa pointi. Mtu mzima akitaka kuuza habari za chumvi yake kwa kikombe cha chai, ni hiari yake. Tunachokipinga ni bei kuwekwa mateka. Bei iliyo rafuni iwe moja kwa kila anayeshika chupa, awe na simu ya kisasa, ya vitufe, au asiwe nayo. Na shukrani ije baadaye, kwa anayeitaka. Kama ni lazima kuwe na kadi, itolewe ya karatasi yenye tarakimu tu, isiyo na jina wala tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu pointi huhesabika vizuri bila kujua mwenyewe alizaliwa lini. Na keshia asimwulize mtu nambari ya simu kwa sauti mbele ya foleni. Hata benki hazifanyi hivyo.

Kwa makamanda na wakuu wa vituo tuna ombi ambalo halihitaji sheria mpya wala fedha. Mnunuzi wa kambi asitumie kadi ya mtu yeyote, na katika mafunzo ya askari wapya itengwe saa moja ya kufungua simu mbele ya mkufunzi na kutazama ni programu zipi zimepewa ruhusa ya kujua mahali zilipo. Tulifanya jaribio hilo na yule mpwa wetu siku tulipompelekea kiwi. Ni kijana makini, mwenye nidhamu, asiyeweza kukutajia jina la mkuu wake hata umpe bia. Katika simu yake tulikuta programu kumi na moja zenye ruhusa hiyo. Mojawapo ilikuwa ya tochi.

Wapo wafanyabiashara wa Bujumbura wanaofikiria kuleta mtindo huu wa bei mbili, na tumesikia hoja zao nusu nusu. Tungependa kuzisikia kamili: wanataka kuandika nini juu ya mteja, wataiweka wapi orodha hiyo, nani mwingine ataiona, na kitafanyika nini kwayo siku duka litakapofungwa. Nafasi ya majibu yao imetengwa katika ukurasa huu.